Kuonyesha na Kutaja: Kiswahili na Ujifunzaji kwa Uhalisia Ulioongezwa, kwa Mifano ya Chimala na Kitulo

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa barabara kuu hufika Chimala baada ya kilometa 78 hivi. Upande wa kusini umesimama ukuta wa milima. Upande wa kaskazini umetandaa uwanda wa Usangu na mashamba yake ya mpunga. Hapo Chimala huchepuka barabara inayopanda kwenda Matamba na kwenye uwanda wa juu wa Kitulo. Barabara hiyo huitwa Hamsini na Saba, kutokana na idadi ya kona zake kali. Asiyewahi kuipanda husikia tarakimu tupu. Anayeipanda huiona kila kona ikichangia hesabu. Jina limefungamana na mahali, na maana yake hukamilika mtu anapokuwa mahali hapo.

Mhadhara huu unahusu teknolojia inayojaribu kufanya kazi ya namna hiyo hiyo: kuweka neno, picha au sauti juu ya kitu chenyewe, mahali kilipo, wakati mtu anapokitazama. Kwa kawaida teknolojia hiyo hujadiliwa kama suala la vifaa na bei zake. Hoja inayotolewa hapa ni tofauti. Uhalisia ulioongezwa, katika asili yake, ni tendo la kuonyesha na kutaja. Kwa hiyo ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la kifaa. Kila aina ya kifaa hubadilisha nani anamwonyesha nani, kitu gani, na kutoka umbali gani. Kiswahili kina sarufi inayoyatofautisha mambo hayo kwa uangalifu mkubwa. Iwapo masomo ya aina hii yataandaliwa kwa kutafsiri orodha ya maneno tu, sarufi hiyo itapotea, na atakayepata hasara ni mwanafunzi.

2.0 Dhana na Istilahi

Mwaka 1968 Ivan Sutherland alitengeneza nchini Marekani chombo cha kuvaliwa kichwani kilichoonyesha michoro ya kompyuta juu ya mandhari halisi ya chumba. Jina la Kiingereza la dhana hii lilienea kutokana na kazi ya Thomas Caudell na David Mizell wa kampuni ya ndege ya Boeing. Katika makala yao ya mwaka 1992, walipendekeza miwani ambayo ingemwonyesha fundi mahali pa kupitisha nyaya, ili asilazimike kila mara kuyaacha macho yake kazini na kurudi kwenye mchoro wa karatasi. Mwaka 1997 Ronald Azuma alitaja sifa tatu ambazo hadi leo hutumiwa kuifafanua dhana hii: kuchanganya kitu halisi na cha kubuniwa, kuitikia papo hapo matendo ya mtumiaji, na kukiweka cha kubuniwa mahali pake barabara katika nafasi yenye urefu, upana na kina.

Sifa ya kwanza ndiyo inayoitenga dhana hii na uhalisia pepe. Katika uhalisia pepe mtazamaji huondolewa mahali alipo na kutiwa katika ulimwengu wa kubuni. Katika uhalisia ulioongezwa hubaki pale pale alipo. Kinachobadilika ni kwamba mahali pake pameongezewa maelezo.

Kuhusu istilahi, yapo majina mawili yanayoshindana. Baadhi ya programu za simu zilizotafsiriwa hutumia uhalisia ulioboreshwa. Jina hilo lina kasoro, kwani kuboresha ni kukifanya kitu kiwe bora zaidi, ilhali ua la Kitulo haliwi bora kwa kubandikwa jina. Uhalisia ulioongezwa hueleza kilichofanyika bila kukisifia, na ndiyo istilahi itakayotumika hapa.

3.0 Aina za Vifaa

Vifaa vinavyotumika vinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni kompyuta yenye kamera pamoja na karatasi iliyochapwa alama maalumu. Kamera huitambua alama, kompyuta hukokotoa umbali na mwinamo wake, kisha picha huchorwa juu yake kwenye kioo. Mwaka 1999 Hirokazu Kato alibuni programu ya ARToolKit kwa msingi huo, na kwa kuwa ilipatikana bure, watafiti wengi waliitumia. Uwekaji wa picha kwa njia hii huwa sahihi sana, ila mwanafunzi hubaki mezani.

Kundi la pili ni simu janja na kishikwambi. Hivi huunganisha kamera, vihisi vya mwendo na mwelekeo, na upokeaji wa mawimbi ya satelaiti za kubaini mahali. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilitoa zana za ARKit, na mwaka 2018 Google ikatoa ARCore, ambazo huiwezesha simu kutambua sakafu au meza bila alama ya karatasi. Hata hivyo, ARCore hufanya kazi katika simu zilizoidhinishwa tu, na simu nyingi za bei nafuu hazimo. Simu za vitufe, maarufu kwa jina la viswaswadu, hazina uwezo huo kabisa.

Kundi la tatu ni miwani na vifaa vya kuvaliwa kichwani. Hivi huiacha mikono huru, lakini ni ghali na maisha yake hayatabiriki. HoloLens ya Microsoft ilitolewa mwaka 2016 kwa waandaaji wa programu, na mwaka 2024 kampuni hiyo ilitangaza kusitisha utengenezaji wa toleo lake la pili. Hali kadhalika, programu ya Google Expeditions, iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya shule, ilifungwa mwaka 2021. Somo lililofungwa kwenye kifaa au programu moja hufa pamoja nayo.

Kundi la nne ni projekta inayomulika maelezo moja kwa moja juu ya kitu, kwa mfano juu ya ramani ya udongo au kichanja cha mimea. Hapa kifaa hakimilikiwi na mtazamaji mmoja. Darasa zima huona kitu kimoja kwa wakati mmoja.

4.0 Mfano Halisi: Nuru

Afrika Mashariki ina mfano halisi ulio jirani sana na dhana hii. Programu ya simu iitwayo Nuru iliandaliwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto (IITA) na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Picha za majani ya mihogo zilizotumika katika utafiti wake wa awali zilipigwa katika mashamba ya majaribio ya IITA karibu na Bagamoyo. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani. Kama kuna dalili za ugonjwa, programu huchora mstatili juu ya sehemu yenye dalili. Kazi hiyo hufanyika ndani ya simu yenyewe, bila kuhitaji intaneti, na maelezo hupatikana kwa Kiswahili.

Utafiti wa Mrisho na wenzake uliochapishwa mwaka 2020 ulipima usahihi wa Nuru katika kutambua dalili za magonjwa ya virusi ya mihogo. Kwa kutazama jani moja, programu ilipata asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Majani yaliyotazamwa yalipofikia sita kwa mmea mmoja, usahihi wa programu ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, Nuru haihitaji miwani wala simu ya kifahari. Kinachohitajika ni kamera, picha zilizokusanywa shambani na majina yanayoeleweka. Mkulima hujua maana ya batobato na michirizi ya kahawia kwa kuwa majina hayo yametokana na kile kinachoonekana kwenye mmea. Pili, jibu sahihi zaidi hutokana na kutazama majani mengi zaidi. Somo jema ni lile linalomrudisha mtazamaji kwenye mmea ili autazame tena, na si lile linalomkinaisha kwa jibu la mara moja.

5.0 Sarufi ya Kuonyesha

5.1 Vionyeshi

Kiswahili kina vionyeshi vya aina tatu. Hili na hapa huonyesha kilicho karibu na msemaji. Lile na pale huonyesha kilicho mbali. Hilo na hapo huonyesha kilicho karibu na msikilizaji, au kilichokwisha kutajwa. Uteuzi hutegemea mahali alipo msemaji na mahali alipo msikilizaji. Katika uhalisia ulioongezwa, mahali hapo huamuliwa na kifaa.

Mwanafunzi mmoja anaposhika simu na kuisogeza kwenye jani, sauti ya simu, jicho lake na jani viko pamoja. Sentensi ifaayo ni: Hili ni jani. Wanafunzi wawili wanapotumia kishikwambi, mmoja akikishika na mwenzake akiligusa jani, anayekishika atasema: Hilo lina madoa. Projekta inapomulika ukutani na mwalimu amesimama nyuma ya darasa, atasema: Lile ni jani lenye ugonjwa. Kwa upande wa miwani, anayeivaa huona peke yake. Akimwambia jirani yake "tazama hili", jirani hana budi kuuliza "lipi?", kwa sababu kuonyesha kunahitaji macho zaidi ya mawili yanayoona kitu kimoja. Programu inayotumia tafsiri moja kwa vifaa vyote itakuwa sahihi katika kimoja na kupotosha katika vingine.

5.2 Ngeli za mahali

Tofauti nyingine ni ya ngeli za mahali, yaani PA, KU na MU. Pa- ni ya mahali mahususi, ku- ni ya eneo lisilo bayana, na mu- ni ya ndani. Tofauti hizi hulingana kwa kiasi cha kushangaza na namna ambavyo vifaa hubaini mahali. Alama ya karatasi huweza kuonyesha nukta kwa usahihi mkubwa. Hapo ndipo panapostahili kusemwa: Doa lipo hapa. Mchoro unaofunua viungo vilivyo ndani ya mwili wa binadamu unastahili: Moyo umo kifuani. Lakini simu inayotegemea satelaiti hukosea kwa mita kadhaa, na zaidi inapokuwa kwenye miamba au chini ya miti. Mwanafunzi wa Chimala anayeielekeza kamera milimani ili aonyeshwe chanzo cha mto Chimala anapaswa kuambiwa: Chanzo kiko kule juu. Kumwambia "kipo pale", huku alama ikiyumba juu ya kilima kisichohusika, ni kusema uongo kwa sarufi sahihi.

5.3 Upatanisho wa kisarufi

Waandaaji wengi wa programu huunda sentensi kwa kupachika neno katika kiunzi kimoja. Kwa Kiingereza kiunzi hicho huhitaji mabadiliko machache. Kwa Kiswahili hali ni tofauti: Huu ni mzizi, hili ni ua, hiki ni kikonyo, hii ni mbegu. Kiunzi kimoja cha "Hii ni" kitamfundisha mtoto kusema "hii ni ua" na "hii ni kikonyo", na kosa hilo litakuwa na mamlaka ya mashine. Hali huwa mbaya zaidi idadi na sifa zinapoingia: doa moja kubwa, madoa mawili makubwa, kiwavi mmoja mkubwa, viwavi wawili wakubwa. Dawa yake inajulikana. Kila nomino katika programu ihifadhiwe pamoja na wingi wake na ngeli yake, kama ambavyo watunzi wa kamusi wamefanya tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981.

6.0 Suala la Kutaja: Kitulo

Juu ya kona hamsini na saba kuna Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ina spishi zipatazo 350 za mimea yenye mishipa, zikiwemo aina 45 za okidi za ardhini. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Somo la uhalisia ulioongezwa katika bustani hiyo litakumbana mara moja na tatizo la majina. Kiswahili kilikulia pwani. Kina majina mengi ya mikoko, samaki na mitumbwi, lakini kwa okidi 45 za nyanda za juu kina neno moja tu la jumla, nalo ni la kukopa. Kila ua likibandikwa neno okidi, mwanafunzi hatakuwa amefundishwa tofauti yoyote. Likibandikwa jina la Kilatini pekee, atakuwa amepewa kitu cha kukariri.

Njia ya kutoka ilikwisha kuonyeshwa na mnyama mmoja wa milima hiyo hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2003, watafiti waliokuwa wakifuatilia habari za wawindaji wa Rungwe walimwona nyani ambaye alikuwa hajulikani kwa sayansi. Wawindaji walikuwa na jina lake tayari: kipunji. Spishi hiyo ilipotangazwa mwaka 2005, jina hilo lilichukuliwa kama lilivyo na kuingizwa katika jina la kisayansi. Leo kipunji ni neno la Kinyakyusa, la Kiswahili na la sayansi kwa wakati mmoja. Kiwanji, Kisafwa na Kisangu navyo vina wazungumzaji wanaoijua mimea ya milima hii kwa kuila, kujitibu nayo na kulisha mifugo. Lebo ya ua la Kitulo inaweza kubeba tabaka tatu: jina la wenyeji, jina la Kiswahili na jina la kisayansi. Ukurasa wa kitabu hubanwa na nafasi; kioo cha simu huruhusu tabaka moja kufunguka baada ya jingine.

Hata hivyo, kutaja kuna hatari zake. Viazi vya baadhi ya okidi za Kitulo vimekuwa vikichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako hutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Uchimbaji huo ni miongoni mwa sababu zilizofanya hifadhi ianzishwe. Programu inayoonyesha kila okidi mahali pake barabara itakuwa ramani ya mchimbaji. Hapa tofauti ya ku- na pa- huwa zaidi ya sarufi: mwanafunzi aambiwe kuwa ua hili huota huku Kitulo, na asionyeshwe hapa linapoota.

7.0 Darasani

Katika shule za serikali za Tanzania, elimu ya msingi hutolewa kwa Kiswahili, na ya sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyejifunza usanisinuru darasani Chimala huingia Kidato cha Kwanza na kulikuta jani ni lile lile, ila jina limebadilika. Wengi hudhani kuwa wamekutana na jambo jipya. Kwa kuwa uhalisia ulioongezwa huanza na kitu chenyewe, unaweza kuwaonyesha kwamba majina mawili yanahusu jani moja. Sharti ni kuwa majina yote mawili yaonekane pamoja. Programu za kutafsiri kwa kamera, kama ile ya Google, huyafunika maandishi ya asili kwa tafsiri. Hilo humfaa msafiri anayesoma bango. Mwanafunzi huhitaji kuiona lugha ya kwanza kando ya ile ya pili. Akiba ya istilahi haikosekani: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Kuhusu vifaa, Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanywa kwa kutumia vishikwambi, na baada ya kazi hiyo serikali iliamua kuvigawa kwa walimu. Sensa hiyo pia ilifanya neno kishikwambi lizoeleke nchini kote kwa muda mfupi, jambo linalodhihirisha kuwa istilahi huota mizizi pale watu wanapokuwa na kitu chenyewe mikononi. Kwa shule ya kawaida, basi, kifaa cha kutarajiwa ni kimoja, nacho kiko mikononi mwa mwalimu. Masomo mengi ya aina hii yaliyoandaliwa ughaibuni huchukulia kuwa kila mwanafunzi ana kifaa chake. Darasa la kifaa kimoja linahitaji somo la namna nyingine: mwalimu aonyeshe, kikundi kisogee, mwanafunzi mmoja aguse jani, mwingine alitaje, na wa tatu aeleze kwa nini. Katika somo hilo hili, hilo na lile hupata kazi zote tatu.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba uhalisia ulioongezwa ni tendo la kuonyesha na kutaja, na kwamba vifaa hutofautiana kwa namna vinavyowapanga msemaji, msikilizaji na kitu. Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa. Mosi, wataalamu wa Kiswahili washirikishwe wakati programu inaposanifiwa, na si baada ya kukamilika, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi hauwezi kubandikwa mwishoni. Pili, vionyeshi na viambishi vya mahali viteuliwe kulingana na aina ya kifaa na usahihi wake. Tatu, majina ya mimea, wanyama na magonjwa yakusanywe kwa wenyeji, na wenyeji waulizwe yapi yasionyeshwe mahali pake. Nne, hazina hiyo ya majina na maelezo ihifadhiwe katika namna isiyofungwa na kifaa kimoja, ili kifaa kikitoweka sokoni somo libaki.

Kazi hiyo ya nne haihitaji kusubiri kifaa chochote. Daftari lenye jina la mmea kwa Kiwanji, kwa Kiswahili na kwa Kilatini, pamoja na ngeli na wingi wake, linaweza kuanza kuandikwa leo na wanafunzi wanaoishi chini ya kona hamsini na saba. Simu, vishikwambi na miwani vitakuja na kuondoka. Vitakachokuwa na la kusema ni kile kitakachokuwa kimeandikwa humo.